Sukari imeshuka asubuhi moja, je niache dawa?

Asalaam aleikum Sista,

Mimi ni baba wa watoto wanne, miaka 47, naishi Langoni hapa Lamu na kazi yangu ni boti, nabeba abiria wa Mokowe na siku nyingine wageni wa Shela na Manda. Mwezi uliopita nilikuwa nakunywa maji mpaka mwenyewe nashangaa, usiku naamka kukojoa kila saa mke wangu akaanza kuniuliza maswali, na macho yakaingia ukungu, nikitazama boya la mbali naliona kama liko ndani ya moshi. Nikaenda kupimwa nikaambiwa ni sukari, ile aina ya pili. Alonihudumia alikuwa na foleni mpaka nje, akaandika dawa, akanipa karatasi, akasema wacha vitu vya sukari, nikatoka. Sikuuliza kitu kwa sababu hata sikujua niulize nini.

Karatasi ni hii naiandika vile ilivyo. Sukari kabla ya kula 11.8. HbA1c 9.1. Kreatinini 88. Mkojo sukari alama tatu za kujumlisha, protini alama moja, ketoni hakuna. Presha 148 kwa 92. Dawa ni metformini 500 asubuhi na jioni.

Sasa Sista mambo yamenichanganya. Nimeona video ya daktari wa Marekani anasema sukari inaanza 126, mimi yangu ni 11.8 tu, si iko chini sana hiyo? Shemeji yangu naye anasema hizo metformini ndizo zinaua figo za watu, yeye ana chupa ya mizizi amenunua Malindi anataka niache za hospitali ninywe hiyo. Jirani ana sukari miaka kumi, ananiambia niongeze kidonge chake kidogo cha glibenklamaidi ndio itashuka haraka. Na hizi metformini zenyewe zinanifanya tumbo liende mbio, nitafanyaje niko katikati ya mkondo na abiria ishirini kwenye boti?

Juzi nimeazima mashine ya jirani nimepima asubuhi kabla ya kula ikatoka 6.4. Wiki mbili tu za dawa. Basi si imeshapona? Naweza kuacha? Na Ramadhani nitafunga ama sifungi? Na lile jambo la ndani ya nyumba nalo limelegea Sista, nisamehe kwa kuandika, sijui kama linahusika.

Ni mimi, Mtu wa Boti

*

Waaleikum salaam ndugu yangu na pole sana. Ahsante kwa kuniandikia namba zenyewe maana wengi huniletea "sukari iko juu kidogo" halafu ukiuliza kidogo ni ngapi hawajui, karatasi imefungiwa vitumbua. Nitaanza na swali lako la karibu na mwisho kwa sababu hilo ndilo haliwezi kungoja.

Usiache dawa. Hiyo 6.4 ni habari njema na ufurahi nayo, lakini ni habari ya asubuhi ile peke yake, tena imepatikana dawa ikiwa mwilini, kwa hivyo inakuonyesha dawa inafanya kazi, haikuonyeshi kwamba huihitaji. Wewe mtu wa bahari, hutazami maji yamekupwa saa moja asubuhi ukasema leo hayajai.

Kwenye karatasi yako kuna namba mbili za sukari na kila moja inajibu swali lake. Ile 11.8 ni damu yako ilivyokuwa dakika uliyochomwa. HbA1c ni kitu kingine, sukari ikizidi kwenye damu inajigandisha kwenye chembe nyekundu, na chembe moja inaishi siku kama 120, kwa hivyo wakipima zimeganda kiasi gani wanapata wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Hii huwezi kuidanganya kwa kulala njaa usiku wa kuamkia kliniki, na wapo wanaojaribu nawajua. 9.1 yako maana yake wastani wako, mchana na usiku, ulikuwa kama 12 hivi. Mtu anahesabiwa ana sukari ikifika asilimia 6.5 kwenye HbA1c, au 7.0 kwenye kipimo cha kabla ya kula. Wewe umevuka zote mbili na kiu na kukojoa ulikuwa nako, kwa hivyo hapa hakuna kubahatisha, jibu ni lenyewe.

Na kwa sababu ni wastani wa miezi, usikimbilie kurudia HbA1c sasa, utalipa pesa bure maana bado itakuwa imebeba ile miezi mibaya kabla hujaanza dawa. Rudia miezi mitatu tangu ulipoanza vidonge. Wengi wa rika lako huwekewa lengo la chini ya 7, ila lengo lako hasa uulize kliniki. Kama kwenu kuna ugonjwa wa selimundu, hiyo wanaita sikoseli, au uliwahi kuambiwa damu yako ni pungufu, uwaambie kabla hawajapima kwa sababu HbA1c inaweza kutoa namba ya uongo kwa watu hao, na hapa pwani hilo si jambo la mbali.

Hiyo video ya Marekani sasa. Daktari hakukosea na wewe hukukosea kusoma, ni vipimo viwili tofauti. Wao wanahesabu miligramu kwa desilita, sisi Kenya tunatumia milimoli kwa lita. Chukua namba yako zidisha kwa 18 unapata yao. 126 yao ni 7.0 yetu. 11.8 yako kule kwao ni kama 212. Umeona sasa ilivyo chini? Ukinunua mashine angalia pale pembeni ya kioo imeandikwa ipi, maana kuna za kuletwa na ndugu kutoka nje zinatoa 140 mtu anazirai kwa hofu na kumbe ni 7.8.

Ukija kupima mwenyewe osha mikono kwa sabuni ukaushe kabisa kwanza. Umemenya embe, umeshika tende, kidole kina sukari juu ya ngozi na tone la damu litaibeba. Vile vijiti vya kupimia visikae wazi kwenye boti, unyevu wa chumvi unaviharibu, kikopo chake ukifunge kila ukitoa kimoja. Na mashine hata ikiwa nzuri inaweza kupishana na maabara kwa asilimia 15 hivi, kwa hivyo 6.4 na 7.0 usizipiganie. Kabla ya kula tunataka iwe baina ya 4.4 na 7.2, na saa mbili baada ya kula iwe chini ya 10. Wewe umepima asubuhi tu. Pima siku moja saa mbili baada ya wali wa mchana, nadhani hapo utaacha kuniuliza kama imepona.

Asubuhi ndiyo mara nyingi inatangulia kushuka kwa mtu wa metformini na sababu ipo. Usiku ukiwa umelala ini linatoa sukari yake kuilisha damu, na kwa mwenye aina ya pili linatoa kupita kiasi kwa sababu insulini ya mwili haisikilizwi vizuri. Ndio maana mtu anaamka na 11 na tangu isha hajala kitu. Metformini kazi yake kubwa ni kulishika hilo ini.

Shemeji yako nimemsikia, na akina shemeji kama huyo wako kila mtaa. Metformini haiui figo. Inatoka mwilini kwa njia ya figo, kwa hivyo figo zikiwa zimeshachoka sana dawa inarundikana, hapo daktari anapunguza au anaikata. Watu wanaona fulani alikuwa anameza metformini halafu figo zikafa, hawaoni zile miaka kumi za sukari na presha bila kipimo ndizo zilizofanya kazi hiyo. Kreatinini ndiyo kipimo cha damu cha kutazama figo, na yako 88 ni nzuri kwa mwanamume wa umri wako. Huna sababu ya kuiogopa dawa, una sababu ya kurudia kipimo hicho angalau mara moja kwa mwaka.

Kinachonishughulisha mimi ni ile protini alama moja kwenye mkojo ikikaa pamoja na presha ya 148 kwa 92, na hakuna mtu aliyekwambia kitu juu yake. Protini moja haitoshi kusema figo zimeguswa, homa inaweza kuileta, maambukizi ya mkojo, hata kazi nzito siku hiyo. Lakini irudiwe, na uombe kipimo cha mkojo kinacholinganisha albumini, ambayo ni aina ya protini, na kreatinini, hicho kinaona mapema kuliko ile karatasi ya kuchovya. Presha ipimwe tena siku nyingine umekaa umepumzika, sio umetoka kukimbia ngazi za jeti, yaani gati. Ikiwa bado juu utapewa dawa, na zipo za presha ambazo zinalinda figo hasa kwa mtu mwenye protini, enalapril na losartan ziko kundi hilo. Waulize pia mafuta ya damu, ukiwa na sukari na umepita 40 madaktari wengi hupendekeza na dawa ya kolesteroli. Najua unaona vidonge vinaongezeka. Lakini watu wa sukari wengi wanaangushwa na moyo na kiharusi, ndio maana presha na mafuta vinafukuzwa sambamba na sukari.

Ketoni, ile asidi inayojaa mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini, hakuna, hiyo alhamdulillah. Siku ukitapika huwezi kuweka maji tumboni, unahema kwa nguvu, usingizi mzito hauishi, hapo usingoje kliniki wala usingoje boti ya asubuhi, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mizizi ya Malindi. Sina ugomvi na majani, metformini yenyewe asili yake ni utafiti wa mmea wa Ulaya unaitwa galega na ilianza kutumiwa kwa wagonjwa Ufaransa mwaka 1957. Tofauti ni kwamba hii najua ndani ya kidonge kuna miligramu 500 na najua figo zikiwa vipi niikate, na hiyo chupa ya shemeji hakuna anayejua kilichomo wala kiasi, hata aliyeiuza. Kama atakulazimisha kwa heshima ya udugu mwambie Sista amesema lete kwanza karatasi ya maabara ya hiyo chupa.

Kidonge cha jirani ndicho kinachonitia hofu zaidi kuliko vyote. Glibenklamaidi inalikamua kongosho litoe insulini, umekula au hujala. Metformini peke yake ni nadra sana kukushusha chini ya kiasi, hiyo ya jirani inaweza. Fikiria umemeza alfajiri, abiria wa kwanza wamekuita hujagusa hata chai, uko kwenye mkondo wa Mokowe mkono unatetemeka, jasho la baridi, maneno yanakutoka ovyo watu wanadhani umelewa, na sukani iko mkononi mwako. Si dawa mbaya, kuna wengi wanaendelea nayo vizuri, ila anayeiandika lazima ajue kazi yako ni ipi. Tena kwa 9.1 inawezekana kliniki wakaongeza dawa ya pili baadaye, wakifika hapo waambie wazi mimi ni nahodha, nataka isiyoniangusha. Na hata sasa weka kwenye boti pakiti ya glukosi au soda ya kawaida, sio ile isiyo na sukari, maana siku dawa zikibadilishwa utaihitaji. Ikishuka chini ya 4 unakunywa kama nusu glasi, unangoja dakika 15, unapima tena. Na injini umezima.

Tumbo sasa, pole yakhe. Hilo linawapata wengi wiki za mwanzo na kwa kawaida linatulia. Nadhani unameza kabla ya kula, au na chai tupu. Meza katikati ya chakula au ukimaliza tu. Ikiendelea wanaweza kukushusha kwenye kimoja cha jioni wiki moja kisha mkapanda polepole, au wakubadilishie kile kinachoyeyuka taratibu, unakimeza kizima hukisagi. Usikae kimya ukaanza kuruka dozi za asubuhi halafu kliniki unasema nameza zote, kwa sababu daktari ataona namba haishuki atakuongezea juu ya dawa ambayo huimezi.

Chakula uliambiwa "wacha vitu vya sukari" ukaachiwa hapo. Chai bila sukari, ndio. Soda, juisi ya embe, halua, kaimati zile zilizolowa shira, ndio, na madafu nayo yana sukari yake usiyanywe kama maji. Lakini kinachokupandisha wewe sio sukari ya kikombe, ni mahamri manne ya jeti asubuhi na sinia la wali wa nazi mchana. Na sinia lina tatizo lake, hakuna anayeona amekula kiasi gani, unachota mbele yako, mtoto anakusogezea, mgeni anakukaribisha ule zaidi. Mwambie mkeo akupakulie kwenye sahani yako, sio kwa ubaya. Nusu ya sahani mboga, mchicha, kachumbari, bamia. Robo samaki, na samaki Lamu hatuna shida nayo. Robo iliyobaki wali, au mkate wa mofa, au muhogo, moja sio zote. Mbaazi ni nzuri ila hesabu pamoja na wanga. Familia nzima ikila hivyo si adhabu, na watoto wako wanne wana baba mwenye sukari, itawafaa.

Je inaweza kuondoka? Inaweza kutulia mpaka ukakaa bila dawa, hasa mtu akiwa bado mpya kama wewe na akapunguza uzito wa kutosha. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa 2017 walichukua watu wenye sukari isiyozidi miaka sita wakawasaidia kupunguza uzito kwa chakula kilichopimwa, karibu nusu yao baada ya mwaka HbA1c yao ilikuwa chini ya 6.5 bila dawa yoyote ya sukari. Hata hao huendelea kupimwa maana inarudi. Lakini hapo unafika kwa kupanga na daktari wako, dawa inakatwa namba zikishakaa miezi, haikatwi kwa asubuhi moja. Wewe hukuniandikia kilo zako. Pima, na mzunguko wa tumbo pia.

Miguu. Nyinyi watu wa boti mnashuka majini peku, mnakanyaga chaza na mawe. Sukari ikikaa juu inaua hisia za nyayo, unakatwa hujui mpaka panuke. Vaa viatu vya mpira hata ukiwa majini, na kila jioni kabla ya kulala kaa utazame nyayo na katikati ya vidole, pasipoonekana mtoto akutazamie kwa tochi ya simu. Kidonda kisichofunga ndani ya siku chache usikipake kitu cha nyumbani, kilete.

Ramadhani siwezi kukujibu kwa barua na anayekujibu kwa barua anakudanganya. Wenye metformini peke yake na namba zimetulia wengi hufunga salama, dawa ikahamishiwa futari na daku, lakini mtu aliyegunduliwa jana yuko 9.1 lazima akae na daktari mwezi mmoja au miwili kabla. Ukifunga, kupima kwa kidole hakufungui kwa fatwa za wanazuoni wengi, na ikishuka chini ya 3.9 au ikapita 16.7 unafungua saa hiyo, hata imebaki robo saa adhana. Muulize na imamu wako umpe na hizi namba, usimuulize kwa jumla jumla.

Na lile jambo la ndani linahusika sana, hukukosea kuandika. Sukari inagusa mishipa ya damu na ya fahamu na huko ndiko inakoonekana mapema kwa wanaume wengi, presha nayo inachangia. Kwa baadhi linarudi sukari ikitulia. Mtajie daktari, mtajie kama ulivyonitajia mimi, amesikia mara elfu. Vile vidonge vya kuuziwa kwa siri barabarani usiguse, hujui presha yako na moyo wako vitafanya nini navyo, na kuna dawa za moyo ambazo vikikutana vinaua.

Macho yamebaki. Ule ukungu mara nyingi ni sukari iliyojaa kwenye lenzi ya jicho, inaposhuka macho yanabadilika tena, kwa hivyo usinunue miwani sasa, ngoja miezi miwili namba zitulie ndio upimwe miwani. Lakini kuchunguzwa nyuma ya jicho usingoje, kwa aina ya pili hufanywa mara tu ukigunduliwa kwa sababu sukari inaweza kuwa imekaa miaka kimya kabla hujapata hiyo kiu, kisha kila mwaka. Uliza kliniki ya sukari hospitali ya kaunti siku ya macho ni ipi. Watakutia dawa ya matone ya kupanua mboni na utakuwa huoni vizuri kwa saa kadhaa, jua la bahari litakuchoma, kwa hivyo chukua miwani ya jua na siku hiyo boti umpe mwenzako aiendeshe kutwa nzima.